Michael Howard, profesa aliyetoka kwenye mahandaki akafundisha watu kusoma vita

Wapenzi wa historia ya vita mtandaoni tupo wengi sana siku hizi, ingia grupu lolote la WhatsApp utakuta watu wanabishana mpaka saa nane usiku nani alikuwa jenerali mkali zaidi kati ya Rommel na Zhukov, kifaru gani kilikuwa hatari, ndege gani ilikuwa na spidi, na kwa kweli mimi napenda sana hayo mabishano, nashiriki. Ila kuna mtu mmoja ambaye simsikii akitajwa kabisa humo, na naona ni hasara kubwa, kwa sababu kama kuna mtu aliyebadilisha namna vita vinavyosomwa vyuoni basi ni huyu, Profesa Michael Howard wa Uingereza. Leo nataka nimwelezee kwa kirefu, maisha yake, kazi zake, na kwa nini nadhani sisi Watanzania hasa tunamhitaji.

Howard alizaliwa London tarehe 29 Novemba 1922. Ukoo wa baba yake ndio wenye kampuni ya Howards & Sons, watengenezaji wa kwinini waliojulikana sana, yaani dawa ile ile iliyowaokoa Wazungu wengi na malaria huku kwetu. Na ukoo huo ulikuwa na asili ya Ma-Quaker, wale Wakristo ambao kwetu Afrika Mashariki wanaitwa Friends, watu wa Kaimosi na Vihiga kule Kenya wanawafahamu vizuri kabisa. Ma-Quaker msimamo wao mkubwa ni kukataa vita. Upande wa mama, familia ilikuwa ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani. Sasa mtu wa mchanganyiko huo ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa somo la vita, na mimi naamini haikuwa bahati tu, maana kwenye maandishi yake yote huoni mahali anaposhangilia vita hata kidogo, na huoni pia mahali anapojifanya kwamba vita havipo.

Kabla hajawa profesa alikuwa askari. Alisoma Wellington College, akaenda Christ Church pale Oxford, vita ikamkatisha masomo akaingia kikosi cha Coldstream Guards. Septemba 1943 majeshi ya Uingereza na Marekani yalipotua Salerno, Italia, yeye alikuwa ofisa kijana wa miaka 20, anaongoza platuni. Kule Salerno Wajerumani walikuwa wamekalia vilima wanaiangalia fukwe yote kutoka juu, na kila kilima kililazimika kuchukuliwa kwa miguu na watu wenye bunduki na visu vya mbele ya bunduki. Howard aliongoza shambulio la kupanda kilima kimoja cha namna hiyo na akapewa nishani ya Military Cross. Baadaye alijeruhiwa mara mbili, vita ikaisha akiwa ni kapteni.

Ila kitu ambacho mimi kimenikaa kichwani kuliko ile nishani ni kisa kingine, alikiandika mwenyewe kwenye kumbukumbu zake alizochapisha 2006 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Walitoka doria usiku, yeye na askari mmoja kijana, wakaingia kwenye eneo lenye mabomu ya kutegwa ardhini, yule kijana akalipukiwa, na Howard akamwacha pale akarudi. Ameandika hivyo hivyo, hajapamba, hajajitetea. Amekaa na hicho kitu zaidi ya miaka 60, huku dunia nzima inamwita shujaa kwa sababu ya nishani ya Salerno. Nikisoma watu wanaoandika vita kama sinema huwa nawaza huyu mzee, maana yeye alikuwa na haki kuliko wengi ya kujisifu, na akachagua kuandika kile.

Alirudi Oxford akamaliza digrii yake 1946, na mwaka uliofuata akaajiriwa King's College London kama mhadhiri msaidizi wa historia. PhD hakuwahi kusomea, zama zile iliwezekana. Kazi yake kubwa ya kwanza ya uandishi ikawa historia ya kikosi chake mwenyewe, wakaiandika yeye na John Sparrow, ikatoka 1951. Hii kazi naiona ni muhimu sana kwenye safari yake, kwa sababu historia ya kikosi ina kanuni zake, huwezi kuandika kwamba kombania fulani ilikimbia wakati wajane na wenzao watakisoma kitabu, unaandika ushujaa, unaandika majina ya waliokufa, unafunga. Howard aliifanya hiyo kazi kwa heshima zote na ndipo akaelewa kwa ndani kabisa tofauti kati ya simulizi ya kuwapa watu moyo na historia yenyewe. Miaka kumi mbele akaja kuizungumzia hadharani, nitafika huko.

Mwaka 1953 King's College wakampa kazi ya kufundisha masomo ya vita. Hapa lazima uelewe hali ilivyokuwa. Wasomi wengi wa Uingereza wakati ule walikuwa wamechoka na habari za vita, nchi imetoka kupigana mara mbili ndani ya miaka 30, na historia ya kijeshi ilionekana ni kazi ya majenerali wastaafu wanaochora mishale kwenye ramani. Ukisema unafundisha vita chuo kikuu wenzako wa idara ya historia wanakuangalia vibaya. Howard akajenga idara nzima kuanzia chini, na alichokifanya ambacho wengine hawakukifanya ni kukataa kabisa somo liwe la mapigano peke yake, aliwaleta watu wa sheria, wa uchumi, wa falsafa, wa mahusiano ya kimataifa, hoja yake ikiwa kwamba vita ni shughuli ya jamii nzima na huwezi kuielewa kwa kusimama uwanja wa mapambano tu. Mwaka 1963 akawa profesa kamili. Idara ile ya War Studies ipo mpaka leo na ni miongoni mwa zinazoheshimika zaidi duniani kwenye fani hiyo.

Katikati ya hayo akashiriki 1958 kuanzisha taasisi ya kimataifa ya masomo ya mikakati pale London, ile inayojulikana kwa kifupi kama IISS, zama za mabomu ya nyuklia ambapo wanasiasa walikuwa wanapanga mambo mazito bila watu wa nje ya serikali kuwa na taarifa za kujadili. Na alikuwa karibu sana na mzee Basil Liddell Hart, mwandishi mashuhuri wa mambo ya vita, ambaye nyaraka zake ndizo msingi wa hifadhi kubwa ya nyaraka za kijeshi iliyoko King's College hadi sasa.

Sasa tuje kwenye kitabu. Mwaka 1961 Howard alitoa kitabu chake kuhusu vita ya 1870 hadi 1871 kati ya Ufaransa na Prussia, ile dola ya Kijerumani ya wakati ule, na kwa maoni yangu hiki ndicho kilele chake, kuliko vyote alivyoandika baadaye. Vita yenyewe inajulikana kwa matokeo: mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, anatekwa kwenye mji wa Sedan mwanzoni mwa Septemba 1870 pamoja na jeshi la watu karibu 100,000, Metz inasalimu amri Oktoba na wengine zaidi ya 170,000, Paris inazingirwa, na tarehe 18 Januari 1871 dola mpya ya Ujerumani inatangazwa ndani ya kasri la Versailles, kwenye nyumba ya Wafaransa wenyewe. Swali ni kwa nini Ufaransa, taifa lililoogopwa kijeshi kuliko yote Ulaya, lilianguka kwa wiki chache vile.

Mtu wa mabishano ya grupu atasema Wajerumani walikuwa na silaha bora. Kumbe bunduki ya Mfaransa, Chassepot, ilikuwa inapiga karibu mara mbili ya umbali wa bunduki ya Mprussia! Na Wafaransa walikuwa na mitrailleuse, aina ya awali ya bunduki ya rashasha, ila waliificha kwa siri kubwa mno mpaka vita inaanza askari wengi walikuwa hawajui waitumieje. Kwenye mizinga ndiko Prussia walikuwa mbele kweli, mizinga ya chuma ya Krupp. Lakini kitu kikubwa anachokionyesha Howard ni mpangilio, yaani reli, ratiba, vitengo, nani anakwenda wapi na anapewa buti na bunduki wapi.

Ngoja nieleze hapa vizuri maana ndipo patamu. Mfumo wa Ufaransa ulikuwa kwamba mwanajeshi wa akiba akiitwa, hatoki nyumbani kwake moja kwa moja kwenda kwenye kikosi, hapana, anaenda kwanza kwenye depo ya kikosi chake akachukue vifaa, halafu ndio anatafuta kikosi kilipo. Na depo inaweza kuwa upande wa pili kabisa wa nchi. Kuna vikosi vya Mazouave, askari wa miguu wa Ufaransa, ambavyo depo zao zilikuwa Algeria, kwa hiyo mtu anaishi kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mpaka wenyewe unaopiganiwa, anapanda treni mpaka baharini, anapanda meli mpaka Afrika Kaskazini, anachukua magwanda, anarudi tena kwa meli, anapanda tena treni kwenda Alsace, na wakati huo huo Mjerumani tayari kashashuka kwenye treni na kikosi chake kizima kimekamilika kwa sababu wao walipangwa kwa majimbo, unajiandikisha kwenu, unavaa kwenu, unaondoka na watu wa kwenu. Maofisa wa Ufaransa waligawiwa ramani za Ujerumani kwa kuamini watavamia wao, ramani za Ufaransa hawakuwa nazo, wakaja kupigana nyumbani kwao bila ramani. Na kuna telegramu maarufu ya jenerali mmoja aliyefika Belfort, anawaarifu wakubwa Paris kwamba nimefika, brigedi yangu siioni, mkuu wa divisheni simuoni, nifanye nini, sijui vikosi vyangu viko wapi. Jenerali mzima!

Upande wa pili kulikuwa na Moltke, mkuu wa wanadhimu wa Prussia, na watu wake, watu waliokaa miaka wakipiga hesabu za treni. Howard haishii hapo tu kusema wanadhimu wazuri walishinda wanadhimu wabaya, anauliza kwa nini Prussia iliweza kuwa na mfumo ule na Ufaransa isiweze, na jibu linampeleka kwenye siasa, kwenye hofu ya mtawala wa Ufaransa kuwapa wananchi wake mafunzo ya kijeshi, kwenye matajiri waliokuwa wanalipa pesa watoto wao wasiende jeshini, kwenye shule, kwenye bajeti. Ukimaliza kusoma unaona kabisa kwamba Sedan ilishapotea kabla ya risasi ya kwanza. Hivyo ndivyo alivyowafundisha watu kusoma vita, na kitabu kilipata tuzo ya Duff Cooper.

Mwaka huo huo wa 1961 akatoa mhadhara ambao mpaka leo maofisa wanausoma vyuo vya kijeshi sehemu nyingi. Hoja ya kwanza ni ile niliyosema, kwamba ipo historia ya kutunza ari ya askari, ambayo ina kazi yake na haina haja ya kudharauliwa, ila mwanahistoria kazi yake ni nyingine, ni kuivunja hiyo picha nzuri hata kama inauma, na jamii iliyokomaa inatakiwa ivumilie. Hoja ya pili ni kuhusu ofisa mwenyewe. Anasema taaluma ya uanajeshi ina shida ya kipekee, mtu anaweza kuifanya kweli mara moja tu maishani au asiifanye kabisa, ni kama muogeleaji anayefanya mazoezi maisha yake yote nchi kavu, halafu siku moja anaingizwa kwenye fainali ya Olimpiki na hatima ya taifa lake zima imemtegemea yeye. Kwa sababu hiyo ofisa hana njia ila asome vita vya wengine. Asome vipi sasa? Howard akatoa masharti matatu: asome kwa upana, yaani aone vita vilivyobadilika kwa muda mrefu ili asidhani kilichofaa jana kitafaa kesho, asome kwa kina, achukue vita moja aichimbe mpaka kwenye barua na kumbukumbu za watu wa chini, mpaka ile mistari safi ya vitabuni ifutike aone vurugu halisi, na asome ndani ya mazingira yake, siasa, uchumi, jamii, kwa sababu sababu za kushinda au kushindwa mara nyingi ziko mbali na uwanja wa mapambano.

Hayo masharti matatu mimi nayatumia kupima kila kitabu na kila video ya historia ya vita ninayokutana nayo, na nyingi zinaanguka kwenye la pili.

Mwaka 1968 aliondoka King's akaenda Oxford, chuo cha All Souls, na kazi ambayo wengi duniani wanamjua kwayo ilikuja 1976, tafsiri mpya ya Kiingereza ya kitabu cha Clausewitz kuhusu vita, aliyoifanya pamoja na Peter Paret. Clausewitz alikuwa ofisa wa Prussia aliyepigana na Napoleon, akafa kwa kipindupindu 1831 kitabu hakijakamilika, mkewe Marie ndiye aliyekipanga na kukichapisha. Kwa miaka mingi watu walikitaja bila kukisoma. Tafsiri ya Howard na Paret ilitoka mwaka mmoja tu baada ya Saigon kuanguka na vita ya Vietnam kuisha, Wamarekani wako kwenye majonzi wanajiuliza ilikuwaje jeshi linashinda mapigano mengi halafu nchi inashindwa vita, na hapo hapo wanapewa kitabu kinachosomeka kinachosema vita ni chombo cha siasa na kama siasa yenyewe haijui inataka nini basi ushindi wa askari hauna pa kwenda. Vyuo vya kijeshi vya Marekani vikakibeba. Wapo wataalamu wanaolalamika kwamba tafsiri imemnyoosha Clausewitz kupita kiasi, imemfanya aonekane ana mpangilio kuliko alivyo kwenye Kijerumani chake, na nadhani wana hoja, lakini bila tafsiri hiyo nusu ya maofisa waliosoma kile kitabu wasingemaliza hata sura ya kwanza.

1977 akawa Chichele Professor wa historia ya vita, kiti cha heshima kilichoanzishwa Oxford 1909, 1980 akapandishwa kuwa Regius Professor wa historia, cheo cha juu kabisa cha fani hiyo pale, na 1989 alipostaafu Uingereza akaenda Yale kufundisha mpaka 1993. Ila katika kipindi hicho kuna jambo lilimkuta ambalo linaonyesha hatari ya kazi hii. Serikali ilimpa kazi ya kuandika historia rasmi ya hadaa za Waingereza kwenye Vita ya Pili ya Dunia, yaani majasusi wa Ujerumani waliogeuzwa wakawa wanafanya kazi ya London, jeshi la uongo lililotangazwa kuwa linajiandaa kuvukia Calais ili Wajerumani wabakize askari wao huko wakati shambulio la kweli la tarehe 6 Juni 1944 linashuka Normandy. Akamaliza kuandika 1980. Waziri Mkuu Margaret Thatcher akazuia kisichapishwe, kikakaa kabatini mpaka 1990. Miaka kumi! Kitabu ambacho serikali yenyewe ilikiagiza, kuhusu mambo ya miaka zaidi ya 35 nyuma.

Kuna mhadhara mwingine wa Oktoba 1973, mwezi ule ule Misri na Syria walipoishtukiza Israel, ambapo aliwaambia wanajeshi kitu kizito sana: mipango na mafundisho yoyote mnayoyaandaa sasa hivi wakati wa amani, mmekosea, hilo karibu ni hakika, na wala si neno, kwa sababu adui naye amekosea, la maana ni nani atagundua kosa lake na kulirekebisha haraka siku ikifika. Angalia karibu vita yoyote ya miaka ya karibuni halafu uniambie kama mzee alikuwa hana uhakika na alichosema.

Na mwishoni mwa Oktoba 2001, wiki chache tu baada ya majengo ya New York kuangushwa, alisimama London akasema hadharani kwamba Marekani imefanya kosa kutangaza vita dhidi ya ugaidi. Alikuwa na miaka 78. Hoja yake ilikuwa kwamba magaidi ni wahalifu, kazi ya kuwasaka ni ya polisi, upelelezi na mahakama, kazi ya subira na ya kimya, ukishaita vita unawapa hadhi ya wapiganaji wanayoitaka, na unaamsha kwa wananchi wako njaa ya ushindi wa haraka ambao haupo. Hii kwetu haipaswi kuwa hoja ya mbali. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, watu 224 wakafa, 213 kati yao Nairobi, wengi Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao. Na watu wanne walifikishwa mahakamani New York, ushahidi ukatolewa, Mei 2001 wakatiwa hatiani. Yaani njia aliyokuwa anaisema Howard ilikuwa imeshatembewa, kwenye damu ya huku kwetu, na miezi michache baadaye ikawekwa pembeni.

Malalamiko yangu kwa Howard ni moja tu na ni kubwa. Afrika kwake karibu haipo. Aliandika vita vya Ulaya kwa akili ya ajabu, lakini mizinga ile ya Krupp na ile rashasha iliyofuata ilikuja kufyatuliwa sana kwenye miili ya watu wa huku, na hilo kwenye vitabu vyake linapita kwa mistari michache. Aliyekuja kuziba kidogo ni Hew Strachan, aliyekaa kiti kile kile cha Chichele kuanzia 2002 hadi 2015, ambaye kwenye historia yake ya Vita ya Kwanza aliipa Afrika uzito wake, pamoja na kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918 iliyotuachia jina la Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Lakini masharti yale matatu hayana uraia, tunaweza kuyachukua tukaenda nayo Kagera, na hapa ndipo ninapotaka kufika. Vita ya Kagera kila Mtanzania anaijua: Nduli Idi Amin kavamia, Mwalimu akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao, vijana wakaenda, tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ni simulizi ya kutunza ari, na naipenda, na nitawasimulia watoto. Ila kama historia bado haitoshi. Kwa upana inabidi urudi Januari 1964, maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la kikoloni likavunjwa na JWTZ ikaundwa upya Septemba mwaka huo, na uje 1972 ambapo wakimbizi wa Uganda waliingia kwao kutokea Tanzania wakashindwa vibaya, mkataba ukasainiwa Mogadishu, kwa hiyo 1978 haikuanguka tu kutoka mbinguni. Kwa mazingira inabidi uangalie Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, OAU, umoja wa nchi za Afrika, ambao haukulaani uvamizi, na uchumi, maana baada ya vita Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18 na wote tunajua haikuishia miezi 18.

Kwa kina ndiko tulikolala. Tunajua majina ya makamanda, Musuguri, Kiwelu, Twalipo, Mwita Marwa, na tunajua mizinga ya roketi waliyoiita Saba Saba. Lakini jeshi lilipanuka ghafla kwa kuingiza mgambo, JKT, polisi, Magereza, na malori yakachukuliwa kwa watu binafsi na mashirika kupeleka watu na vyakula Bukoba, kwenye barabara za 1978, mvua inanyesha, daraja la Kyaka limeshavunjwa. Nani alipanga hayo malori? Mafuta yalitoka wapi? Mgambo aliyetoka shamba Novemba alifundishwa siku ngapi kabla ya kuvuka Mutukula? Lukaya, Machi 1979, pale ambapo majeshi ya Amin na Walibya waliwashtukiza wapiganaji wetu wakarudi nyuma kwanza kabla ya kugeuza kibao, usiku ule ulikuwaje kwa mtu wa platuni ya mbele? Hayo ndiyo maswali ya Belfort na ya depo za Algeria, na majibu yake kwa sehemu kubwa yamo vichwani mwa watu, hayamo kwenye karatasi.

Howard alifariki tarehe 30 Novemba 2019, siku moja baada ya kutimiza miaka 97. Alianza kuandika historia ya kikosi chake wenzake wakiwa bado vijana na kumbukumbu zao mbichi. Aliyekuwa na miaka 20 kule Lukaya leo anakaribia 70, na wengi wametangulia. Kama una baba, babu, mjomba au jirani aliyekuwa kule, kaa naye, washa simu urekodi, na usimuulize kama walimpiga Nduli, hilo tunalijua. Muulize alikuwa kombania gani na nani alikuwa mkuu wake wa platuni, alipandia gari wapi na lilikuwa gari la nani, buti alipewa saizi yake, chakula kilifika saa ngapi, barua kutoka nyumbani zilifika au hazikufika, nani alikufa karibu yake na akazikwa wapi. Muulize na mama aliyebaki Kagera wakati ule alikimbilia kwa nani na alirudi akakuta nini. Andika tarehe ya mazungumzo na majina ya vijiji kama wanavyoyataja wao, halafu hifadhi nakala sehemu mbili.